Maswali ya Wasomaji: Chembe Nyekundu ya Damu Hula Nini?

Baada ya toleo lililopita kuzungumzia upungufu wa damu, barua zimemiminika kutoka kila kona. Nimechagua tano, zote za wasomaji wa Moshi na Arusha, kwa sababu nilipozitandaza mezani na kuzisoma kwa pamoja niliona kwamba zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti: chembe nyekundu ya damu inaishi kwa kula nini, na chakula hicho kikipungua au kikiharibika njiani, mwenye damu hupatwa na nini. Mimi ni mtu wa maabara, si daktari wa wodini, kwa hiyo mahali ambapo mgonjwa anahitaji kuonwa nitasema wazi kwamba aende akaonwe. Kwa mengine yote nitajibu kadiri ninavyojua, na nitaanza na swali la mwanafunzi, maana majibu yanayofuata yamejengwa juu yake.

*Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha sita, mchepuo wa PCB, hapa Moshi. Mwalimu wetu wa baiolojia alisema kwamba chembe nyekundu hubeba oksijeni ya mwili mzima lakini yenyewe haiitumii hata kidogo. Darasa zima lilibisha. Kitu chenye uhai kitaishije bila kutumia oksijeni, tena kikiwa kimejaa oksijeni tele?*
Mwanafunzi, Moshi

Marahaba mwanangu. Mwalimu wenu amesema kweli, nanyi mmefanya vizuri kubisha, kwa kuwa jambo hili ni la ajabu na halipaswi kumezwa bila kutafunwa.

Chembe nyekundu huanza maisha yake ndani ya uboho wa mifupa ikiwa na kila kitu kilichomo katika chembe nyingine: kiini, mitokondria ambazo ni vinu vya nishati, na ribosomu za kutengenezea protini. Kadiri inavyokomaa huvitoa kimoja baada ya kingine. Kiini husukumwa nje, mitokondria huvunjwavunjwa na kuondolewa, na mabaki ya ribosomu hudumu siku moja au mbili tu baada ya chembe kuingia kwenye mzunguko wa damu, kisha nayo hutoweka. Kinachobaki ni kifuko chembamba kilichojaa hemoglobini, protini inayobeba oksijeni, kiasi cha molekuli milioni 270 ndani ya chembe yenye upana wa mikromita 7 hadi 8. Ukiitazama kwenye hadubini utaona kitu cha mviringo chenye ukingo mnene na katikati iliyopauka, kama donge la unga wa andazi lililobonyezwa kwa vidole gumba pande zote mbili.

Sasa kumbuka kwamba oksijeni hutumika ndani ya mitokondria. Chembe isiyo na mitokondria haina mdomo wa kulia oksijeni, hata ikizungukwa nayo usiku na mchana. Mfikirie dereva wa lori la mafuta anayepita Himo akielekea Holili: tangi analolivuta limejaa maelfu ya lita, lakini injini yake hunywa kutoka kwenye tangi dogo la pembeni, na mzigo hufika ukiwa mzima. Tangi dogo la chembe nyekundu ni glukosi iliyomo kwenye utegili wa damu. Glukosi huingia kupitia mlango wa protini uitwao GLUT1, ambao hausubiri insulini iufungue, na ndani ya chembe hukatwa hatua kwa hatua hadi kuwa piruveti, ambayo hugeuzwa kuwa laktati. Katika safari hiyo chembe hutumia ATP, yaani sarafu yake ya nishati, mbili mwanzoni na kupata nne baadaye, hivyo faida yake ni mbili kwa kila glukosi. Chembe yenye mitokondria ingepata takribani 30 kutokana na glukosi hiyohiyo. Laktati hutoka, husafiri hadi kwenye ini, na huko hujengwa upya kuwa glukosi. Mzunguko huo una jina la Carl Cori na mkewe Gerty Cori, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Mtauliza kwa nini piruveti isiachwe ilivyo. Jibu liko kwenye NAD, mbebaji wa haidrojeni ndani ya chembe. Hatua mojawapo ya katikati huhitaji NAD tupu na kuigeuza kuwa NADH, na kama hakuna mahali pa kuishusha ile haidrojeni, NAD tupu itaisha na kazi yote itasimama. Piruveti huipokea, hugeuka kuwa laktati, na NAD hurudi kwenye foleni. Mkiulizwa swali hili kwenye mtihani, andikeni hivyo, na msiishie kusema tu kwamba “hakuna oksijeni”, kwa sababu oksijeni ipo. Kinachokosekana ni kiwanda cha kuitumia.

ATP mbili ni kipato kidogo, lakini matumizi nayo ni machache na yanajulikana. Kubwa ni pampu iliyo kwenye utando, ambayo kila inapozunguka hutoa nje sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili. Pampu hiyo ikizimika, sodiamu hujazana ndani, maji huifuata, na chembe huvimba hadi kupasuka. ATP pia huwezesha utando kubaki mlaini, na ulaini huo ni uhai wenyewe, kwa sababu chembe hii hupita kwenye kapilari nyembamba kuliko upana wake na lazima ijikunje ili ipenye. Huishi siku zipatazo 120, na kwa kuwa huzunguka mwili mara moja kwa dakika hivi, hupenya na kujikunja zaidi ya mara 150,000 kabla haijachoka na kumezwa na chembe walaji zilizoko kwenye bandama na ini.

Kuna kazi nyingine ambayo vitabu vya shule huipita haraka. Chuma kilicho ndani ya hemoglobini hushika oksijeni kikiwa na chaji mbili tu. Kila siku sehemu ndogo hupoteza elektroni, hufikia chaji tatu, na hapo haiwezi tena kubeba kitu. Damu yenye hemoglobini nyingi ya namna hiyo huwa na rangi ya kahawa. Ile NADH niliyoitaja, kwa msaada wa kimeng'enya maalumu, yaani protini inayoharakisha kazi za kemia, ndiyo hurudisha elektroni iliyopotea, na ndiyo maana kwa mtu mwenye afya hemoglobini iliyoharibika hivyo hubaki chini ya asilimia 1 hadi 2. Mwambie mwalimu wako kwamba chembe hii hufanya yote hayo bila kiini, yaani bila uwezo wa kutengeneza hata protini moja mpya. Lishike hilo, tutalirudia kwenye barua ya mwisho.

*Mwanangu, mimi ni mzee wa Tengeru, nina kisukari. Asubuhi moja kabla ya kula, kipima sukari changu cha nyumbani kilisoma 8.1. Saa mbili nilitolewa damu kwenye zahanati, lakini mashine yao ilikuwa mbovu, sampuli ikapelekwa mjini na gari la mchana. Majibu yakaja 5.9. Binti yangu anasema kifaa cha nyumbani kitupwe. Nimwamini nani? Chupa ya damu ilikuwa na mfuniko mwekundu, nakumbuka.*
Mzee wa Tengeru

Shikamoo mzee wangu. Nakushukuru kwa kukumbuka rangi ya mfuniko, kwa sababu jibu limo humo.

Damu ikishatoka mwilini chembe nyekundu hazifi papo hapo. Zinaendelea kula ndani ya chupa kama zilivyokuwa zikila ndani ya mshipa, tofauti ikiwa kwamba sasa hakuna ini la kurudisha glukosi. Katika joto la kawaida la chumba, sukari ya damu ambayo haijatenganishwa hupungua kwa takribani asilimia 5 hadi 7 kila saa. Piga hesabu: ukianza na 8.1 na kupoteza asilimia 6 kwa saa, baada ya saa tano unabaki na 5.9 na ushei. Sampuli iliyotolewa saa mbili asubuhi na kupimwa saa saba mchana inaweza kabisa kutoa majibu uliyoyapata, na sukari iliyokosekana ililiwa njiani kati ya Tengeru na mjini.

Ndiyo sababu maabara zina chupa zenye mfuniko wa kijivu kwa kipimo cha sukari. Ndani yake mna fluoridi ya sodiamu, ambayo hukizuia kimeng'enya kiitwacho enolasi, kilicho karibu na mwisho wa ile njia ya glukosi. Sisi tuliokulia chini ya Mlima Meru tunaifahamu fluoridi kwa sura nyingine: ndiyo iliyoyatia meno yetu rangi ya kahawia kutokana na maji ya visima na chemchemi. Usiogope lakini, maana kiasi kilichomo kwenye chupa hiyo ni kikubwa mno kuliko cha maji yoyote ya kunywa, na maji hayo hayazimi chembe zako za damu. Niongeze pia kwamba hata fluoridi haizuii mara moja. Kwa kuwa enolasi iko mbali na mlango, hatua za mwanzo huendelea kuimeza glukosi kwa saa moja au mbili kabla ya njia nzima kuziba. Njia bora ni kuitenganisha damu mapema kwa mashine ya kuzungusha, au kuiweka sampuli kwenye barafu tangu dakika ya kwanza.

Kwa hiyo kifaa chako kisitupwe. Vifaa vya nyumbani hukosea kidogo, kwa kawaida ndani ya asilimia 15, lakini kosa la 8.1 dhidi ya 5.9 ni kubwa kupita kiasi hicho. Endelea na dawa zako kama ulivyoandikiwa, na ukirudi kliniki omba kipimo cha hemoglobini iliyoshikwa na sukari, kinachoandikwa HbA1c. Sukari hujibandika yenyewe kwenye hemoglobini, na kwa kuwa chembe huishi miezi minne, kipimo hicho huonyesha hali ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, wala hakiharibiki kwa sababu gari lilichelewa. Tahadhari yake ni moja: kwa mwenye selimundu, au ugonjwa wowote unaovunja chembe kabla ya wakati, chembe hazidumu vya kutosha kukusanya sukari, na kipimo husoma chini kuliko ukweli. Mzee wangu hukutaja lolote la namna hiyo, lakini wapo wasomaji litakaowahusu.

Linaniuma jambo hili, nalisema waziwazi. Kiwango cha kutambua kisukari kwa damu ya kabla ya kula ni 7.0. Mtu mwenye 8.1 akiambiwa ana 5.9 atarudi nyumbani akiwa na furaha, na ugonjwa utaendelea kumla macho na figo kimyakimya. Wenzangu wa maabara ndogo, andikeni saa ya kutoa damu kwenye kila chupa, na kama gari halijafika basi iwekeni sampuli mahali pa baridi.

*Nimechangia damu mara sita. Nimesikia kwamba chupa ikipita siku 35 inatupwa. Inaumiza. Damu ikiwa kwenye friji inaharibikaje?*
Mchangiaji, Arusha

Nakupongeza kwa mara zote sita. Damu hiyo, iliyo kwenye mfuko ingawa sote tumezoea kuiita chupa, hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 6 ikiwa na sitrati inayoizuia kuganda, fosfati, sukari na adenini. Hiyo sukari ni posho ya chembe. Baridi hupunguza mwendo wa kula lakini haiusimamishi, kwa hiyo wiki hadi wiki sukari hupungua, laktati hurundikana, uchachu huongezeka, na uchachu huo hukwamisha vimeng'enya vilevile vinavyotengeneza ATP. Pampu hulegea na potasiamu huvuja nje. Siku 35 ni ukomo wa mchanganyiko huo, uliowekwa ili chembe za kutosha zibaki hai ndani ya mwili wa mpokeaji. Mifuko yenye maji ya ziada ya kuhifadhia hufika siku 42. Katika mikoa ambako akina mama wanaojifungua na watoto wenye malaria huhitaji damu kila siku, mfuko mzuri mara nyingi hutumika zamani kabla ya tarehe hiyo. Endelea kuchangia, mwanamume kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya minne.

*Habari za kazi. Mimi ni mmoja wa hawa tunaoitwa wagumu, nabeba mizigo ya wageni Kilimanjaro, zaidi njia ya Machame, mwaka wa tisa sasa. Nikikaa nyumbani msimu wote wa masika, safari ya kwanza kichwa hunigonga tangu Shira. Safari ya tatu napanda kama sina mzigo. Wenzangu husema damu imeshazoea. Je, damu huzoea kweli?*
Mgumu wa Machame

Njema, ndugu yangu. Wenzako wamesema kweli, ila mazoea hayo yana ngazi tatu na kila moja ina saa yake.

Moshi mjini tuko chini ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kileleni Uhuru, mita 5,895, hewa ina oksijeni kwa uwiano uleule wa asilimia 21, lakini mgandamizo wake ni karibu nusu ya ule wa Tanga au Dar es Salaam, hivyo kila pumzi huleta karibu nusu ya oksijeni. Ngazi ya kwanza ni pumzi yenyewe: ndani ya saa chache unapumua kwa kasi zaidi, unatoa hewa ya ukaa kwa wingi, na damu hupungua uchachu.

Hapo ngazi ya pili huanzia, na hii ndiyo ya chembe nyekundu yenyewe. Damu ikipungua uchachu, vimeng'enya vinavyokata glukosi huongeza mwendo, na katikati ya njia kuna mchepuko ambao chembe nyekundu huutumia kuliko chembe nyingine yoyote mwilini. Mchepuko huo hutengeneza kitu kiitwacho 2,3-bisfosfogliserati, nasi maabara hukifupisha kuwa BPG. Samuel Rapoport na Janet Luebering waliueleza mwaka 1950, lakini kazi ya BPG ilibaki fumbo hadi 1967, wakati Reinhold Benesch na mkewe Ruth, wa Chuo Kikuu cha Columbia kule New York, walipoonyesha kwamba BPG huibadili tabia hemoglobini. Hemoglobini ina minyororo minne, na ikishaiachia oksijeni hubaki na upenyo katikati. BPG huketi kwenye upenyo huo na kuushikilia, na matokeo yake ni kwamba hemoglobini huwa nyepesi wa kuiachia oksijeni inapofika kwenye msuli. Kwa kawaida kuna karibu BPG moja kwa kila hemoglobini. Ukipanda mlima kiasi huongezeka ndani ya siku moja au mbili, na mgumu mwenye mzigo kichwani hupata miguuni oksijeni ambayo vinginevyo ingerudi kwenye mapafu bila kushushwa.

Hapa ndipo hunipendeza, kwa sababu mchepuko huu una gharama. Glukosi inayopitia BPG huruka hatua moja inayozalisha ATP. Chembe inayopata ATP mbili tu kwa glukosi hukubali kupoteza sehemu ya hata hizo mbili ili msuli wa mguu wako upate pumzi. Nimefundisha somo hili miaka mingi na bado kila nikilifikia husimama kidogo.

BPG ina mpaka wake, hata hivyo. Juu sana, kuelekea kileleni, tatizo kubwa huwa ni kuipakia oksijeni kwenye mapafu, na hemoglobini inayoiachia kirahisi huipakia kwa shida zaidi. Ule upungufu wa uchachu nao huvuta upande wa pili, ukiifanya hemoglobini ishike kwa nguvu. Mvutano huo huacha faida ndogo kuliko vitabu vya zamani vilivyodai. Ngazi ya tatu ndiyo nzito: figo huhisi ukosefu wa oksijeni, hutoa homoni iitwayo erithropoietini ndani ya saa chache, na uboho huanza kuzalisha chembe zaidi. Namna chembe za mwili zinavyoutambua ukosefu huo ilifumbuliwa na William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Homoni huwahi, lakini chembe zenyewe huhitaji wiki kadhaa kuongezeka vya kutosha. Ukipimwa damu siku ya pili mlimani na kuambiwa imepanda, mara nyingi ni maji ya mwili yaliyopungua, si chembe zilizoongezeka.

Sasa utaona kwa nini safari ya tatu ni nyepesi. Ukipanda mfululizo, chembe zilizoongezeka kwenye safari moja bado zipo unapoanza nyingine. Ukikaa nyumbani, BPG hurudi mahali pake kwa siku chache na chembe za ziada huisha katika wiki zinazofuata, na masika yakimalizika unapanda ukiwa sawa na mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana. Safari ya kwanza ya msimu ipe heshima yake, na kichwa kikigonga huku unapepesuka, unachanganyikiwa au unakohoa mapovu, mzigo uachwe, nawe uteremshwe usiku huohuo.

Jambo moja hukuliuliza, lakini siwezi kulinyamazia. Msiingize jiko la mkaa wala la gesi ndani ya hema ili kujipasha joto. Hewa ya sumu ya kaboni monoksidi huishika hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, haina harufu, nayo huanza kwa kichwa kuuma, jambo ambalo mlimani kila mtu hulidhania kuwa ni la kimo.

*Mama wa Sakina, Arusha, nawasalimu. Mwanangu wa kiume wa miaka minne alikula vile vidonge vyeupe vya kuweka kabatini kati ya nguo, akidhani ni peremende. Siku ya tatu alikojoa mkojo kama chai ya rangi, macho yakawa ya manjano, akawa mweupe kama karatasi. Alilazwa, akaongezewa damu, Mungu akasaidia. Daktari alishuku upungufu wa G6PD, lakini kipimo kilichofanywa siku mbili baada ya kuongezewa damu kilisema yuko kawaida. Mume wangu anasema kama ni ugonjwa wa kurithi basi umetoka kwetu. Nifanye nini?*
Mama wa Sakina

Pole sana mama, na hongera kwa kumwahisha.

Wingi wa glukosi ndani ya chembe nyekundu hupita kwenye njia niliyomweleza mwanafunzi, lakini takribani sehemu moja ya kumi hufuata njia ya pembeni ambayo haileti ATP hata moja. Huleta NADPH, mbebaji aliye ndugu wa NADH. Hiyo NADPH hurudisha nguvu za glutathioni, nayo glutathioni huzima vitu vikali vinavyounguza hemoglobini na utando. Chembe nyingine za mwili zina njia zaidi ya moja ya kupata NADPH, lakini chembe nyekundu, isiyo na mitokondria, hutegemea njia hii peke yake. Mlango wake ni kimeng'enya hicho cha G6PD. Chembe yenye upungufu wake huishi vizuri siku za kawaida, hata mwenyewe asijue, mpaka aje mgeni kama naftalini ya kwenye vidonge vile. Hapo hemoglobini huungua na kuganda vipandevipande kwenye ukingo wa chembe, bandama huving'ata, chembe hupasuka, na hemoglobini iliyomwagika huchujwa na figo. Huo ndio mkojo wa rangi ya chai uliouona. Manjano ya macho hutokana na hemu, sehemu ya hemoglobini yenye chuma, iliyovunjwa na kuwa bilirubini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuiondoa.

Kuhusu kipimo, ningeomba kirudiwe, na nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba siku ile walipima damu ya mwanao iliyochanganyika na ya mchangiaji, na chembe za mchangiaji zilikuwa na kimeng'enya chao kamili. Ya pili ni ile niliyosema tuishike: chembe nyekundu haina kiini, haiwezi kutengeneza kimeng'enya kipya, hivyo kile ilichozaliwa nacho huchakaa inavyozeeka. Kwa kawaida nusu ya G6PD huisha kwa takribani siku 60. Katika aina iliyoenea zaidi Afrika nusu huisha kwa siku 13 hivi. Chembe zinazopasuka ni zile kuukuu, na zinazobaki ni changa zenye kimeng'enya cha kutosha. Ukipima wakati huo unapima walionusurika. Subiri miezi mitatu tangu aongezewe damu, kisha apimwe tena. Naftalini nyingi inaweza kuvunja hata chembe za mtoto asiye na upungufu huu, kwa hiyo mimi sisemi mwanao anao; nasema kipimo cha kwanza hakiwezi kutumika kusema hana.

Upungufu huu ulifahamika mwaka 1956, pale Paul Carson na wenzake waliokuwa wakifanya kazi Chicago walipotafuta kwa nini dawa ya malaria iitwayo primakwini iliwavunjia damu baadhi ya watu na kuwaacha wengine salama. Leo watu wenye hali hiyo duniani hukadiriwa kuzidi milioni 400, na wengi wako mahali palipokuwa na malaria, kwa sababu humpunguzia mwenye nayo hatari ya kufa kwa malaria kali. Mweleze mumeo hilo kwa upole. Ni kweli kwamba jeni yake iko kwenye kromosomu X, na mtoto wa kiume hupata X yake kwa mama. Lakini mama hakuichagua. Aliirithi kutoka kwa wazee walioponea kwayo wakaishi, nanyi mkapatikana.

Mpaka majibu ya pili yatoke, mhesabu kama anayo. Dawa mseto ya malaria tunayoizoea haina shida kwake. Asipewe dapsoni, nitrofurantoini, methilini buluu, tafenokwini, wala primakwini ya siku 14, isipokuwa daktari ameamua akijua hali yake. Dozi moja ndogo ya primakwini ni jambo jingine na Shirika la Afya Duniani huiruhusu bila kipimo. Ilikuwapo hata dawa ya malaria iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika, yenye dapsoni ndani yake, iliyoondolewa sokoni mwaka 2008 kwa sababu hii hii. Maharage yetu ya kila siku ale bila wasiwasi. Yanayosemwa vibaya ni yale mapana yaitwayo fava, ya nchi za Bahari ya Mediterania. Homa kali peke yake nayo inaweza kuvunja chembe, kwa hiyo akipata homa muangalie mkojo kwenye poti jeupe, na ukibadilika rangi usingoje asubuhi.

Andika “anashukiwa G6PD” kwa wino juu ya kadi yake ya kliniki. Dada yake, kama yupo, apimwe siku moja naye, kwa kuwa msichana anaweza kuibeba bila dalili na kuwapa wanawe. Vidonge vya kabatini vitoe nje ya nyumba leo, na nguo zilizolala navyo zifuliwe na kuanikwa juani hadi harufu iishe kabla mtoto hajazivaa tena.